Re: Kipando cha Nane Nane Mbeya, nipande lini?

Mkuu, umeuliza lini upande nyanya, kabichi na mchicha ili vipendeze kwenye kipando chako, yaani kishamba cha mfano cha maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale kuanzia Agosti 1 hadi 8. Hesabu kurudi nyuma, ila usizifuate siku za kukomaa za kwenye pakiti ya mbegu zilivyo. Juni na Julai Mbeya ni baridi kali, mimea inadumaa. Ongeza wiki mbili hadi tatu. Wengi wanakwama hapo, wageni wanafika nyanya bado kijani.

Nyanya: sia kitaluni katikati ya Machi, hamisha baada ya siku 30, nafasi sm 60 kwa 50. Mvua za Aprili huleta bakajani chelewa (ugonjwa unaotia madoa na kuozesha majani na matunda), kwa hiyo ezekea kitalu, weka miti ya kuegemeza nyanya mapema, ondoa majani yanayogusa udongo na anza dawa ya ukungu ya mankozebu kabla ya kuona madoa. Ukisubiri madoa umechelewa.

Kabichi sia wiki ya mwisho ya Machi. Ikifunga mapema, punguza maji, maana ukiimwagilia sana baada ya kukauka inapasuka kichwa, na kabichi iliyopasuka haina maelezo mbele ya majaji wa vipando.

Mchicha ndio rahisi: sia mafungu mawili, Juni 20 na Julai 1. Fungu moja likizeeka, lingine lipo.

Halafu kibao cha maelezo kwenye kipando! Aina ya mbegu, tarehe ya kupanda, nafasi, mbolea. Andika kwa rangi ya mafuta. Karatasi hulowa umande usiku wa kwanza tu.