Safari ya pole pole ukishastaafu: sisi tulifuata reli ya baba yangu

Nina miaka 67, unesi niliacha nilipofika 60, na mwaka jana mimi na shoga yangu Hajati tulitoka Tororo, mashariki mwa Uganda, tukaenda mpaka Pakwach kule kaskazini magharibi, safari ambayo kijana akipanda basi asubuhi anaimaliza siku hiyo hiyo, sisi ilituchukua siku 23. Wanangu walicheka. Mmoja akaniuliza mama kwani mlienda kwa miguu? Lakini tangu turudi simu haipumziki, wazee wenzangu wanauliza presha mlifanyaje, magoti je, hela je, mlilala wapi, nikaona kuliko kurudia maneno yale yale kila jioni bora niandike mara moja.

Kwanza niwaambie kwa nini njia hiyo. Baba yangu alikuwa mtu wa reli na mimi nimekulia kota za reli Tororo, ndio maana Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, pale kulikuwa na Wateso, Wajaluo, Wasamia, Wanubi, watoto wote tunacheza pamoja sasa mtacheza kwa lugha gani ingine? Baba alikuwa anataja stesheni za laini ya kaskazini kama mtu anasali: Mbale, Kumi, Soroti, Lira, Gulu, Pakwach. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964 nikiwa mtoto wa miaka kama sita, na kwetu sisi watoto Pakwach ndio ilikuwa mwisho wa dunia. Baba alikuwa akisema akistaafu atatupeleka wote mpaka mwisho wa laini. Hakutupeleka, mambo yakawa mengi, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vikaja, treni za abiria nazo zikaisha.

Basi nikaenda mwenyewe, kwa taksi. Kwa wasomaji wa Kenya na Bongo, huku taksi ni ile gari ya abiria 14, msije mkadhani nina pesa ya kukodi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu na mengine yote yanatoka hapo: ukishazeeka usipange safari kwa ramani, panga kwa miguu yako. Mimi nikikaa kwenye gari zaidi ya saa mbili miguu inavimba mpaka viatu vinakataa. Kwa hiyo tukakubaliana kila kipande kisizidi saa mbili au pungufu kidogo, halafu tukishuka tunalala siku tatu, nne, hata tano, hatuna haraka. Na miji ya reli kwa hilo ni mizuri ajabu maana imepangana karibu karibu. Tororo kwenda Mbale ni kama kilomita 45, Mbale kwenda Kumi ni kidogo tu zaidi ya hapo, Kumi kwenda Soroti vile vile. Kipande kimoja kirefu ni Soroti kwenda Lira, zaidi ya kilomita 120, na hicho ndicho kilichotuletea matatizo, nitawaambia.

Mtu atasema sasa siku nne Kumi unafanya nini, Kumi kuna nini? Ndio hapo vijana wanapokosea. Siku ya kwanza umechoka, unaoga, unalala. Siku ya pili unatembea mpaka sokoni unanunua machungwa (huku Teso machungwa ni mengi mpaka yanarundikwa kando ya barabara, na maembe yakiwa msimu wake ndio usiseme), yule mama wa machungwa anakuona mgeni. Siku ya tatu ukirudi anakuita toto, ndivyo Wateso wanavyoita mama, anakupa kigoda ukae. Siku ya nne unajua binti yake anasoma wapi na mumewe alikufa lini. Siku moja haikupi hayo hata ukiwa na pesa. Na Kumi tulipanda boda tukaenda Nyero kuona ile michoro ya watu wa kale kwenye mawe, miduara myekundu ndani ya miduara. Kuna kupanda mawe kidogo, Hajati alibaki chini kivulini akasema atamwamini mchoraji.

Kuhusu boda, wazee tunaziogopa na ni haki yetu. Dawa yangu ni moja, kabla sijapanda namwambia kijana nakuongezea shilingi elfu moja ya Uganda ukienda pole pole, na hiyo elfu nakupa tukifika sio sasa. Anaenda kama amebeba mayai.

Malazi sasa. Tulikuwa tunatafuta kwanza gesti za kanisa, hizi za dayosisi au za masista, na Hajati ni Mwislamu safi hakuona shida yoyote, alikuwa anaswali chumbani na sista mmoja alikuwa anamwonyesha upande wa kibla. Ni safi, neti haina matundu, chakula kipo, geti linafungwa mapema, na bei yake sisi tulilipa kati ya elfu 40 na 60 kwa chumba cha vitanda viwili. Zikikosekana ndio unaenda loji, na loji usilipe kabla hujauliza. Chumba kiko chini au juu? Maana watakupa ghorofa ya tatu bila lifti na usiku unasikia kiu maji yako chini. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Msione haya kuuliza hili wazee wenzangu, goti likigoma kule ndani nani atakuja kukuinua? Na hapo jirani kuna baa? Sisi mji mmoja hatukuuliza la tatu, ilikuwa Ijumaa, muziki ulipiga mpaka saa kumi na moja alfajiri, kitanda kinatetemeka kwa besi, Hajati akakaa kitako akaniambia sasa mama tuvae tu twende tukacheze maana kulala hatulali.

Soroti tulikaa siku tano, ndio tulipokaa sana, kwa sababu ya soko la Arapai. Lile soko ni la mara moja kwa wiki, liko nje kidogo ya mji, na ninawasihi mkifika mji wowote wa Uganda swali la kwanza liwe siku ya soko ni lini, halafu mpange siku zenu kuizunguka hiyo. Soko la kila siku ni la watu wa mjini, soko la wiki linakuja na watu kutoka vijijini mbali na ng'ombe wao, mbuzi, kuku, bata mzinga, mtama, vyungu, mitumba, waganga wa kienyeji na spika zao, kila kitu. Nenda asubuhi kabla jua halijakuwa kali, tafuta mama anayeuza chakula chini ya mti, agiza atapa, ule ugali wa Wateso, na samaki wa kukaushwa kwa moshi, ukae hapo hapo. Mimi nilikaa saa tatu nzima bila kununua kitu zaidi ya chakula, na nilishuhudia wazee wawili wakibishana bei ya fahali mmoja tangu nimekaa mpaka nimeinuka, wanaachana, wanarudi, wanashikana mikono, wanaachana tena. Sijui waliishia wapi. Mpaka leo namwuliza Hajati unadhani yule fahali aliuzwa?

Haya, Lira. Hapa ndipo mimi nesi mzima, niliyewafokea wagonjwa miaka yote kuhusu dawa, nilifanya ujinga. Vidonge vyangu vya presha niliviweka kwenye begi kubwa na begi likaingia buti. Tulipofika Dokolo kondakta akaona abiria tumebaki wanne, akatuuza. Wanaosafiri Uganda wanaelewa, taksi ikiona haina faida kuendelea inakuuza kwa taksi ingine mnahamishwa kama mizigo. Vijana wakahamisha mabegi haraka haraka, la Hajati likaja, langu likarudi Soroti. Nimegundua tumeshafika Lira giza linaingia. Namba ya gari sikuandika, simu ya kondakta sina. Usiku ule sikunywa dawa, asubuhi kichwa kizito, macho yanaona nyota, na nikajua kabisa ni nini kwa sababu ningekuwa kazini ningemfokea mtu. Bahati mama wa gesti alikuwa na ndugu yake steji ya Soroti, akapiga simu, begi likapatikana, likaja baada ya siku mbili kama kifurushi, nikalipa elfu kumi na asante nyingi. Vidonge vya siku hizo mbili nilinunua famasi kwa sababu mimi najua jina la dawa na kipimo chake. Nikamwuliza Hajati, wewe yako inaitwaje? Akasema ni ile nyeupe ndogo.

Ile nyeupe ndogo! Nyeupe ndogo ziko mia. Kwa hiyo tafadhali: dawa zote zikae kwenye mkoba unaokaa mapajani, uwe na za siku kumi zaidi ya safari yako, na kikaratasi chenye jina la dawa, kipimo, na namba ya simu ya mtoto wako mmoja anayepokea simu. Namba ya gari iandike kabla hujakaa. Tangu Lira mimi nasimama nyuma ya buti mpaka niione begi yangu kwa macho, kondakta apige kelele anavyotaka.

Pesa nitapita haraka. Mobail mani inatosha, lakini toa asubuhi, miji midogo jioni ejenti anakuambia keshi imeisha. Beba noti ndogo. Msionyeshe simu kubwa steji.

Lugha ndio jambo ambalo hakuna anayeniuliza na ni kubwa. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005, sawa, lakini watu wa rika langu wanakikumbuka kinatoka kwenye mdomo wa mtu mwenye bunduki. Kuna mahali ukianza tu na Kiswahili unaona uso wa mzee unafunga. Kwa hiyo jifunze salamu ya pale, moja tu inatosha. Teso sema yoga. Lango, ndiko Lira, na Acholi, ndiko Gulu, sema apwoyo. Akishajibu na kucheka matamshi yako, endelea na Kiswahili chako, na utashangaa, kuanzia Soroti kwenda juu wazee wengi wanakijua, kuliko hata Kiganda. Gulu mama mmoja alinijibu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akatupikia malakwang na viazi vitamu, ile mboga ina uchachu halafu inapigwa na odii, lile rojo zito la ufuta na karanga, Hajati aliomba aongezewe mara mbili.

Na Gulu msiulize habari za vita vya Kony. Najua mnatamani. Watu walikaa kambini miaka mingi, sio hadithi ya kumchangamsha mgeni. Yule mama alituambia mwenyewe siku ya tatu, tukimenya viazi, bila kuulizwa, na alipomaliza tuliendelea kumenya viazi.

Kutoka Gulu kwenda Pakwach beba maji, joto linaanza kupanda kabisa kadiri unavyoteremka kuelekea mto. Epukeni Januari na Februari kama mna presha kama sisi, huko kaskazini ni kiangazi na hewa inawaka. Na mkifika daraja la Pakwach, simu iwe mfukoni, hawaruhusu kupiga picha daraja na askari wako pale pale. Hajati alikuwa ameshainua yake kwa ajili ya tembo waliokuwa ng'ambo, nikampiga mkono kama mtoto. Akanuna mpaka mjini, akaja kucheka tulipokaa kula angara, samaki wa huko, wa moshi.

Siku ya mwisho tulienda kutafuta stesheni. Nyasi, mbuzi wawili juu ya tuta, na mzee mmoja mwembamba amekaa kivulini na redio yake. Nikamsalimia kwa Kiswahili moja kwa moja, hapo sikuogopa, kivuli cha stesheni Kiswahili hakigombani na mtu. Akatuangalia, akaangalia begi zetu, akauliza bila kucheka, "Mmekuja na treni gani?"

Nikamwambia ile ya 1964, imechelewa kidogo. Akainuka akaenda kutuletea viti.