Fimbo moja kwa nimfu na kwa nzi wa kuelea

Ndugu, umeuliza kama fimbo moja itatosha kuvua trauti (samaki wa mito ya maji baridi) kwa nimfu, yaani chambo bandia kinachozama na kuiga mdudu mchanga wa majini, kwa mtindo wa Kiulaya, na vilevile kwa nzi bandia anayeelea huku nimfu ikining'inia chini yake. Itatosha, na ningekushauri uchukue ya futi 10, namba 4 (namba huonyesha uzito wa mshipi ambao fimbo imeundwa kuurusha).

Fimbo halisi ya nimfu ya mtindo huo wa Kiulaya huwa na futi 10 hadi 11, namba 2 au 3, na ncha yake ni laini sana, kwa kuwa hairushi mshipi mzito bali hubeba uzi mwembamba na nimfu yenye kichwa cha tungsteni (metali nzito), huku mvuvi akiinua ncha juu ili uzi usilale majini ukaburutwa na mkondo. Ulaini huohuo huikwamisha unapotaka kumtua nzi wa kuelea mbali kidogo penye upepo: mshipi hukosa nguvu na kuanguka rundo. Namba 4 ina mgongo wa kuurusha, na bado mkono huhisi samaki anapodonoa.

Dukani, ifunge rili (gurudumu la kukunjia mshipi) kwanza kisha uishike fimbo kama unavyovua, kwa sababu fimbo ndefu yenye rili nyepesi huelemea mbele, na kufikia adhuhuri kifundo cha mkono kinauma. Ila kama unavua vijito vya milima ya Aberdare, Kenya, vilivyosongwa na mianzi na vichaka, futi 10 ni mateso matupu. Huko futi 8 zinakufaa zaidi.