Klabu ya kwanza ya mpira wa Kimarekani Uingereza

Mkuu, umeuliza kama ule mpira wa helmeti uliingia Uingereza na NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, walipoanza kupeleka mechi Wembley. Hapana, klabu za ridhaa zilikuwepo kabla.

Kwanza jua kwamba wanajeshi wa Marekani waliuchezea kwenye kambi zao kule tangu Vita vya Pili, ila wenyeji hawakujali. Kilichowasha moto ni televisheni. Channel 4 ilianza kurusha hewani mwaka 1982 ikaweka na NFL kwenye ratiba. Mwaka uliofuata tu, 1983, ikazaliwa klabu ya kwanza ya wenyeji, London Ravens, yaani kunguru.

Julai 1983 wakakutana na Northwich Spartans uwanjani Stamford Bridge, ndiyo, pale pale kwa Chelsea. Ravens wakashinda 48-0. Hiyo ni mechi au mazoezi? Ila ukiwaza, wote walikuwa wanafunzi wa mchezo, wengine walijifunzia sheria kwenye runinga.

Ravens wakatawala miaka ile ya mwanzo, wakabeba na ubingwa wa 1986. Mwaka huohuo timu za NFL, Chicago Bears na Dallas Cowboys, zilicheza Wembley, klabu zikazuka kila mji.

Shida ni pesa. Helmeti na kinga za mabega ni ghali, na kikosi kinataka watu wengi kuliko soka, wote wakijilipia. Wadhamini walipopungua, nyingi zilikufa au kuungana. Ravens nao hawakuvuka miaka ya 1990.