Sponji au godoro la kugeuza? Anza na kilo, kisha angalia upande wa chini

Ndugu wa Mukono uliyeuliza: kitanda ni futi 5 kwa 6, mnalala wawili, wewe una kilo 85, na mna mtoto anayependa kuja kulala katikati. Muuzaji wa kwanza anakusukumia sponji ya inchi 8. Wa pili anasema achana na sponji, chukua la springi la kugeuza, utalilalia mpaka uzeeke.

Wote wawili wamekupindishia swali. Kugeuzika hakupingani na sponji. Godoro la kawaida la sponji, lililokatwa kutoka bonge moja na kuvalishwa kitambaa sawasawa pande zote, linageuzika vizuri tu. Na magodoro mengi ya springi yenye kile kimto kilichoshonewa juu hayageuziki hata ukitaka. Kwa hiyo dukani uliza mawili: sponji iliyomo ina densiti gani, na je, upande wa chini unalalika?

Densiti ni kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo. Huhitaji kumwamini muuzaji, hesabu mwenyewe. Zidisha upana kwa urefu kwa futi, kisha kwa unene wa inchi, halafu zidisha kwa 0.00236. Utapata mita za ujazo. Godoro la 5 kwa 6 kwa inchi 8: 5 × 6 × 8 = 240, mara 0.00236 ni 0.566. Lipime kwa mizani ya kuning'iniza, toa kilo 1.5 mpaka 2.5 za kitambaa kama ni kile kinene chenye mishono ya maua, au kilo moja kama ni kitambaa chepesi. Kilo zinazobaki gawanya kwa 0.566. Ukipata 18, hiyo ni sponji ya mgeni wa wikendi. Ukipata 28, tunaongea.

Sasa angalia hiyo inchi 8 unayosukumiwa. Inchi 8 ya densiti 18 ina kilo 10.2 za sponji. Inchi 6 ya densiti 24, kwa vipimo vilevile vya kitanda, nayo ina kilo 10.2. Mali ghafi ni ileile, kwa hiyo zile inchi 2 za ziada ni hewa. Ila dukani la inchi 8 linasimama vizuri ukutani na linaonekana la kitajiri, ndiyo maana linauzwa haraka. Kati ya hayo mawili chukua la inchi 6 bila kufikiria mara mbili.

Kwa mtu mzima wa chini ya kilo 70 anayelala peke yake, densiti 23 mpaka 25 inatosha. Watu wawili, au mtu mmoja wa kilo 80 na kuendelea, usishuke chini ya 28. Chini ya 20 mwachie mtoto mdogo, au mwanafunzi wa bweni ambaye godoro lake litaibiwa kabla halijachakaa.

Kitu kinachowaponza wengi ni kuchanganya ugumu na densiti. Mnunuzi anabonyeza kwa kidole gumba, anasikia gumu, anasema "hili zito." Hapana. Kiwandani sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu, na sponji nzito ikawa laini; hivyo ni vipimo viwili tofauti. Ugumu unakwambia utalalaje usiku wa kwanza, na densiti inakwambia utalalaje mwaka wa nne. Ndani ya sponji kuna vijumba vya hewa vyenye kuta na nguzo nyembamba. Densiti ikiwa ndogo nguzo ni chache na nyembamba. Kila usiku joto na jasho la mwili vinazilegeza, uzito unazikunja, nyingine zinakatika. Panapokaa nyonga ndipo panapobeba zaidi, kwa hiyo bonde linaanzia pale.

Kuna hila moja ya kuharibu hesabu yetu ya mizani: unga wa chokaa kuchanganywa kwenye sponji ili iwe nzito. Kilo zinaongezeka, nguvu haiongezeki. Fungua zipu, sugua sponji kati ya vidole viwili. Ikiacha vumbi jeupe, au ikisikika kama ina mchanga, au ukinyofoa kipande kidogo pembeni kikamegeka kama mkate mkavu, ondoka. Sponji nzuri inavutika kwanza kabla ya kukatika.

Kama hakuna zipu na muuzaji hataki kukufungulia hata pembe moja, piga goti moja katikati ya godoro na ukae hapo dakika nzima, uzito wote. Inuka uangalie. Sponji yenye afya inarudi mara moja na haiachi alama. Ile dhaifu inaacha kisima kinachojaa polepole, na ukipitisha kiganja unasikia pale palipobonyea pamelegea kuliko pembeni. Kisha pitisha vidole kwa nguvu kwenye ubavu wote, kuzunguka. Unatafuta viungo. Godoro lililounganishwa kwa gundi kutoka vipande viwili lina mstari mgumu, na mstari huo ukiangukia mgongoni utaujua. Pima unene kwa futi ya fundi hapohapo ubavuni: "inchi 6" nyingi ni inchi 5 na nusu, nyingine wamehesabu mpaka uvimbe wa kitambaa. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, itafute, lakini usiishie hapo, kwa sababu lebo inashonwa kwa dakika mbili.

Lile lililobandikwa neno "ortho" na likawa gumu kama benchi la kanisa, mara nyingi ndani ni makombo ya sponji ya rangi mbalimbali yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Si bandia. Ni zito sana na halibonyei upesi. Ila kwa anayelala ubavu ni adhabu kwa bega. Linafaa likiwa tabaka la chini, juu yake sponji laini ya inchi 2 au 3. Na likipangwa hivyo, limeshakuwa la upande mmoja.

Turudi kwenye kugeuza. Faida yake ni halisi lakini ina mipaka. Kinachochoka kwanza ni zile inchi 2 au 3 za juu. Ukigeuza, zinapumzika chini na nyingine zinafanya kazi. Hii inalipa kwenye godoro la inchi 6 na kuendelea. Kwenye la inchi 4, mtu mzima akilala analibonyeza karibu lote mpaka kwenye mbao, kwa hiyo pande zote mbili zinachoka pamoja na kugeuza hakuokoi mengi. Wala usitegemee maisha mara mbili kwenye hilo nene: katikati panatumika kila upande.

Springi. Magodoro ya zamani kwa kawaida yalikuwa ya pande mbili. Marekani, karibu mwaka 2000, kampuni ya Simmons ilianza kuuza ya upande mmoja kwa maelezo kwamba mteja atapumzika na kazi ya kugeuza, wengine wakafuata. Kazi ilipungua kweli, na matabaka ya upande wa pili nayo yakapungua. Kulitambua ni rahisi: lipindue. Chini ukikuta kitambaa chembamba cha kuteleza au chenye vidoto vya mpira, bila mishono ya maua, hilo ni la upande mmoja hata kama muuzaji anaapa.

Springi zenyewe huwa haziwi za kwanza kufa. Waya wa milimita 2.2 mpaka 2.4 unavumilia sana. Kinachokufa ni kile kinachofunika springi: sponji nyembamba na blanketi gumu la nyuzi. Vikilala, unaanza kuhesabu duara za waya kwa mbavu zako. Kwa hiyo hata kwenye springi unarudi palepale kwenye ubora wa sponji. Bonyeza kwa ngumi mahali pengi, pande zote mbili. Kama unasikia duara la waya likiwa jipya, mwakani litakuwa limekutoboa shuka. Kaa ukingoni pia: likipinduka na kukumwaga, waya wa pembeni ni dhaifu. Unyevu nao ni adui, maana kutu inaanza na kelele, na kwenye ile mishono ya ukingo kunguni wanapanga nyumba na hawalipi kodi. Sponji yenye kifuniko cha zipu unavua, unafua kwa maji ya moto, unaanika.

Ratiba ya kugeuza watu huisahau, basi iandike kwenye godoro lenyewe. Chukua kalamu ya wino usiofutika. Upande wa kwanza, mwisho mmoja andika "Januari," mwisho wa pili "Julai." Pindua upande wa pili: mwisho ule wa Januari andika "Aprili," na ule wa Julai andika "Oktoba." Kila miezi mitatu hakikisha mwezi unaosomeka kichwani, upande wa juu, ndio mwezi wa sasa. Kwa mzunguko huo kila upande na kila mwisho unapata zamu yake. Miezi mitatu ya kwanza geuza kila mwezi, maana ndipo godoro jipya linapojikalisha. La upande mmoja unalizungusha tu, kichwa kwa miguu. Wawili mnaolala mkiwa na uzito tofauti, msiache.

Na kabla hujalaumu godoro, inua uangalie chaga. Mafundi wengi wa Kampala, iwe Bwaise au Ndeeba, wanapiga chaga tano au sita kwenye kitanda cha futi 6 ili kuokoa mbao. Hapo pengo linakuwa karibu futi moja, na sponji ya densiti yoyote itazama humo. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3, na kitanda cha futi 5 kiwe na boriti ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Kuziba kwa ubao mzima wa plaiwudi inawezekana, lakini toboa matundu ya upana wa kidole kila baada ya kiganja. Bila hivyo jasho linatua chini na msimu wa mvua utakuta madoa meusi ya ukungu. Godoro juu ya saruji tupu ni hivyohivyo, haraka zaidi.

Ile nailoni ya dukani itoe siku hiyohiyo. Najua watu wanaiacha godoro lisichafuke. Jasho linabaki ndani, linanuka, linaoza. Mtoto akikojoa, weka mpira chini ya shuka upande wake tu. Ukianika, acha kifuniko juu, kwa sababu jua likipiga sponji tupu inageuka njano na kumegeka.

Sponji ya kumbukumbu, ile inayoacha alama ya mkono? Inabadilika na joto. Kabale kwenye baridi ya usiku inakuwa ngumu, Gulu kwenye joto la Februari unazama na inakupika. Iruke.

Hesabu ya fedha ifanye kwa mwaka. Kwa mfano tu: la shilingi 300,000 linalokufa baada ya miaka 3 ni 100,000 kwa mwaka, la 560,000 linalofika miaka 8 ni 70,000. Muuzaji akikataa kukutajia densiti na akakataa mizani, weka miaka 3 kwenye hesabu yako bila kumwonea haya.

Kwako wewe: sponji ya bonge moja, inchi 8, densiti 28 au zaidi, kitambaa kilekile pande zote mbili, zipu. Mizani isome kama kilo 17 au 18 pamoja na kitambaa. Fedha ikipungua, shuka mpaka inchi 6 lakini densiti usiiguse. Springi ichukue tu ukipata ya pande mbili kweli, na kama kitanda chako hakitahamahama. Faida nyingine ya sponji yenye zipu: likichoka, fundi wa sofa anakukatia sponji mpya kwa kipimo na kifuniko kinabaki.

Kusafirisha: sponji unaweza kuikunja kwa bodaboda, lakini kamba ipite juu ya kanga au gunia, isikaze moja kwa moja, na ifunguliwe siku hiyohiyo. Springi usikunje kabisa. Ukingo wa waya ukishapinda haurudi. Tafuta pikapu ulilaze. Likifika, liache saa chache bila shuka, lalisha fimbo ya ufagio iliyonyooka kutoka ubavu hadi ubavu, upige picha na risiti ikiwa pembeni. Siku bonde likizidi inchi 1 na nusu chini ya fimbo ileile, hiyo picha ndiyo utakayorudi nayo kwa muuzaji kudai dhamana.