Lupango mmoja, mti mmoja: mwembe au avoka?

*Mama wa Kitalu ameotesha miche ya matunda hapa Lubumbashi kwa miaka 26. Kila mwezi anajibu barua za wasomaji.*

Swali: Jambo Mama. Tumejenga Ruashi, kwenye lupango (kiwanja) wa mita 15 kwa 20. Nyumba imeshasimama, fosi ya choo iko nyuma, na mbele pamebaki nafasi ya mti mmoja tu. Mke wangu anataka avoka kwa sababu yeye ni mwuzaji wa sokoni. Mimi nataka mwembe. Nilikulia Katuba chini ya mwembe wa baba yangu, na wageni wote tuliwapokea kivulini pale. Kisima hatuna, maji tunanunua kwa bidoni. Tupande nini, na lini?
*Baba wa watoto wanne, Ruashi*

Jibu: Jambo Baba. Nilipofika kwenye neno "bidoni" nilikuwa nimeshapata jibu. Pandeni mwembe.

Mvua yetu inakatika Aprili, na mpaka irudi vizuri ni Novemba. Mti wa avoka (wengine mnaiita parachichi) hautumi mizizi mbali chini. Mingi inabaki kwenye sentimita 60 za juu, pale pale ambapo udongo wetu mwekundu unakauka kwanza. Mche wa avoka wa mwaka wa kwanza naupa bidoni ya lita 20 mara mbili kwa wiki, kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba. Ni wiki 22, yaani bidoni 44, lita 880 za kununua. Mwaka unaofuata mti umekua na kiu nayo imekua. Mwembe pia unaomba maji ukiwa mdogo, lakini mimi naupa bidoni moja kwa wiki na unatosheka. Unashusha mzizi mkuu chini sana, na ukishafika mwaka wa tatu hivi unavuka kiangazi wenyewe.

Tena mwembe unakihitaji kiangazi hicho. Ukavu na baridi ya Juni na Julai ndivyo vinavyouamsha utoe maua. Mvua ikiyakuta maua, ukungu unayageuza meusi na yanapukutika. Dada yangu anakaa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kule mvua haikatiki miezi mingi kama kwetu. Avoka zake zinajaa mpaka matawi yanainama, ila mwembe wa jirani yake ni majani matupu. Maembe wanayokula yanapanda kutoka Uvira, kwenye joto la kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu wa Kivu akikusifia avoka, anasema kweli, ila anasema kweli ya kwao.

Sasa nizungumze na mama mwenyewe, maana hesabu yake ya soko ni nzuri na sitaki aone nimeipuuza. Mwezi wa kumi na mbili kila lupango una maembe, na bei inaanguka mpaka watu wanagawa bure. Avoka haifanyi hivyo. Haiivi ikiwa mtini. Unaichuma ngumu, inakaa siku kadhaa ndani ndipo inalainika, na mwuzaji anapata muda wa kutafuta mnunuzi. Embe lililoiva halikungoji. Basi mama, msipande kokwa ya embe lolote mlilokula. Tafuteni mche wa grefe (uliounganishwa na kikonyo cha mti mzuri) wa aina inayochelewa kuiva, kama Keitt. Majirani watakuwa wamemaliza yao wakati wewe unaanza kupanga meza. Mche wa grefe unaanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, na wa kokwa unaweza kukuweka 6, hata 8.

Kupanda ni Novemba, baada ya mvua kubwa mbili au tatu, udongo ukiwa umelowa ndani. Chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande, wiki chache kabla. Udongo wa juu wekeni kando, changanyeni na samadi iliyooza kabisa, na huo ndio urudi kwenye mizizi. Sehemu ya grefe isifunikwe. Kaeni mbali na fosi na ukuta wa nyumba, mita 5 au 6 mkiweza. Kila mwaka mkimaliza kuchuma, kateni vichwa vya matawi ili mti usipite mita 4 au 5. Mwembe wa baba yako huko Katuba ulipanda ulivyotaka, na nina hakika nusu ya matunda yake mliokota yamepasuka chini. Mkikata, jihadharini na utomvu, unaunguza ngozi.

Maembe yaliyoanguka yasilale chini hata siku moja. Ndani yake mna funza wa nzi wa matunda, na wakiingia udongoni wanatoka nzi wengine. Yatieni kwenye mfuko mweusi, fungeni sana, acheni juani siku kadhaa.

Neno moja kwa wanaokaa upande ambao upepo ulipeleka moshi wa tanuru la shaba tangu 1911, kaskazini-magharibi ya kiwanda: shaba na madini mengine yamekaa kwenye udongo wa juu. Huo msiurudishe shimoni. Leteni mwingine, na matunda yaosheni vizuri kabla ya kula.

Na kama siku moja mtachimba kisima, avoka nayo itapata haki yake, lakini isipandwe bondeni. Mimi niliwahi kupanda 6 mahali pa chini nyuma ya kitalu, kwa kufikiri kwamba mti wenye kiu utafurahi pale. Februari maji yalisimama siku chache tu. Majani yakawa madogo, ya njano, nami nikazidi kumwagilia nikidhani ni kiu. Mizizi ilikuwa imeoza. Ilikufa 4, na nililia kwa sababu nilikuwa nimeigrefe mwenyewe. Sasa kila avoka naipandisha juu ya tuta la sentimita 40.

Swali: Jambo Mama. Avoka yangu ina miaka 8, nilipanda kokwa. Kila mwaka inajaa maua, halafu sipati hata tunda kumi. Mume wangu anataka kuikata iwe makala (mkaa).
*Mama wa Kamalondo*

Jibu: Mama, mwambie baba aweke shoka chini kwanza. Maua mengi ya avoka huanguka hata kwenye mti mzima, hilo lisikutishe. Lakini kuna siri. Ua la avoka linafunguka mara mbili kwa siku mbili: kwanza ni jike, linafunga, kisha linarudi likiwa dume. Miti ya kundi moja, kama aina ya Hass, inafungua jike asubuhi na dume mchana wa kesho yake. Ya kundi la pili, kama Fuerte, inafungua jike mchana na dume asubuhi ya kesho yake. Mti ulio peke yake unaweza kukosa mwenzake aliye dume saa ile ua lake liko jike.

Wakati wa maua, toka saa nne asubuhi uyaangalie kwa karibu. Vijiti vyenye unga wa njano vikiwa vimesimama katikati, ua liko dume. Vikiwa vimelala pembeni na kijiti kimoja cheupe kiko katikati, liko jike. Rudia kwa siku mbili tatu, kisha ukaangalie mti wa jirani saa ile ile. Ukikuta ni kinyume cha wako, omba tawi na uligrefe kwenye mti wako. Huna haja ya nafasi ya mti wa pili. Dawa ya wadudu usipulize wakati wa maua, kwa sababu nyuki ndio wanaobeba unga.

Swali: Mama, kiangazi majani yanakosekana. Naweza kuwapa mbuzi majani ya avoka na ya mwembe?
*Kijana mfugaji, Kipushi*

Jibu: Ya avoka hapana, mwanangu, hata kidogo. Yana sumu inayovimbisha kiwele, maziwa yanakatika, na mbuzi akila mengi moyo wake unashindwa. Sungura na ndege wa kufugwa nao pia. Ya mwembe wape machache, yamechanganywa na majani mengine. Ukikata matawi ya avoka, yaondoe kabla mbuzi hawajarudi jioni, na yale makavu usiyatandike zizini.