Mnara haukuwa kosa

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mumias. Huku tu wazima. Umeniuliza kama Mungu anaogopa maendeleo ya binadamu, maana aliwachafulia lugha waliojenga Babeli, na sasa mhubiri mmoja huko Nakuru amewaambia ninyi mnaojenga maghorofa kwamba tangu mji uwe jiji mwaka 2021 mnafuata njia ile ile. Nimeona umeumia, na mimi nimeumia pamoja nawe.

Hapana, mwanangu. Soma tena Mwanzo 11. Watu wale walitaka kujifanyia jina na wasitawanyike, ilhali Nuhu na wanawe walikuwa wameagizwa waijaze nchi. Matofali na lami havikuwa na hatia.

Lakini anayekufaa zaidi ni Mfalme Uzia, 2 Mambo ya Nyakati 26. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alijenga minara mjini na jangwani, akachimba visima vingi, akaweka wakulima na watunza mizabibu, kwa kuwa alipenda kilimo. (Nakipenda sana kifungu hicho. Ni wafalme wangapi wanasifiwa kwa kupenda shamba?) Mafundi wake walibuni mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Hakuna anapolaumiwa kwa hayo. Imeandikwa kwamba alisaidiwa kwa ajabu hata akawa na nguvu.

Nguvu hizo zikamlevya. Akaingia hekaluni na chetezo ili afukize uvumba, kazi ya wana wa Haruni. Kuhani Azaria na makuhani wengine 80 wakamkabili, wakamwambia atoke. Hapa nakuomba usome polepole: alighadhibika. Ukoma ulimtokea kwenye paji la uso katika ghadhabu ile, chetezo kikiwa bado mkononi. Naamini angalisikia, angalitoka salama. Aliishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa.

Kwa hiyo panda jengo lako bila hofu. Ila kibarua akikuambia vyuma vya nguzo havitoshi, uangalie moyo wako kabla hujamjibu.

Kisha uendelee na sura ya 27. Yothamu, mwanawe Uzia, naye alijenga: lango la juu la hekalu, miji milimani mwa Yuda, ngome na minara misituni. Aliyafuata mema ya baba yake, ila hekaluni hakuingia kama yeye.

Mama yako