Kitanzi cha uzazi wa mpango: mama akizimia kitandani, nani yupo chumbani?

Nesi, ni kweli kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo? (Majengo, Moshi)
Hapana. Jamani hili swali kila wiki! Mfuko wa uzazi hauna njia ya kwenda moyoni. Mara chache, kama wanawake 1 au 2 kati ya 1,000, kinatoboa mfuko na kuingia tumboni, hapo kinatolewa kwa upasuaji.

Zahanati yetu tuko wawili, mwenzangu akienda kula naweza kuweka kitanzi peke yangu? (Muuguzi, Ngaramtoni)
Usiweke, msubiri arudi. Mimi yalinikuta zamani, binti ametulia tu tunapiga stori, nimeshika mlango wa kizazi, napitisha kipimo cha kina cha mfuko, mara hajibu tena, namwangalia jasho limemtoka juu ya mdomo, midomo imekuwa myeupe, mapigo yameshuka mpaka 40. Niko mwenyewe, atropini, dawa ya kupandisha mapigo ya moyo, iko kwenye kabati na funguo kaondoka nazo mtu. Nikatoa vyombo vyote, nikamlaza chali na miguu juu ya mito, nikaita mpaka mfagizi akaja kunishikia. Aliamka, Mungu mkubwa, ila hiyo haikuwa kazi nzuri. Siku hizi kabla sijavaa glavu naangalia atropini (miligramu 0.5 au 0.6 kwenye mshipa kama mapigo hayapandi), adrenalini, ambu bagi (mfuko wa kumpumulishia mtu kwa mkono) na maski yake, oksijeni, tena nasoma na tarehe ya kuisha. Na msaidizi awe kichwani kwa mama, anaongea naye, anamwangalia uso. Halafu acheni ile ya "vumilia, si umeshazaa wewe", mpe dawa ya maumivu, na akisema simama, unasimama.

Nina mtoto wa wiki 6 na nanyonyesha, naruhusiwa? (Mbauda)
Ndiyo mama, ila mwambie nesi kwamba unanyonyesha maana kipindi hiki mfuko unatoboka kirahisi zaidi. Lazima akupime kwanza kwa vidole ajue mfuko umeinamia mbele au nyuma, ndo apime kina, mara nyingi ni sentimita 6 mpaka 9. Akitaka kuingiza moja kwa moja bila kupima, shuka kitandani uvae nguo zako.

Nyuzi za kitanzi sizigusi tangu juzi, nisubiri hedhi? (Soweto, Moshi)
Usisubiri. Kwa kama mwanamke 1 kati ya 20 kinatoka chenyewe, sana sana miezi ya mwanzo, na wengine hawajui kama kimetoka. Tumieni kondomu kuanzia leo, kesho asubuhi uwe kliniki.